Kitanda Usichokilalia: Tumsikilize Mtoto Kabla ya Kuinunulia Shule Vitabu



Katika matembezi yetu vijijini tumekutana na vikundi vingi ambavyo, baada ya kuweka akiba mwaka mzima, huamua kuisaidia shule ya karibu. Hiyo ni nia njema. Akina mama wameuza mayai na mboga, wazee wamechanga, pesa zimehesabiwa mbele ya kila mtu, kisha linakuja swali: tununue nini? Hapo ndipo wengi wetu huteleza. Mmoja anasema madawati, mwingine anasema vitabu, mwingine anataka mwalimu wa ziada, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Mtoto mwenyewe, ambaye tunataka ajue kusoma, hakuna aliyemwuliza neno.

Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika toleo hili tunataka kueleza njia ya kufikiri inayoanza na yule anayekilalia kitanda. Siku hizi inafundishwa katika vyuo vikuu vikubwa, lakini msiogope. Fundi wa nguo pale sokoni anaitumia kila siku.

FUNDI WA NGUO ANAFANYAJE?

Ukimpelekea fundi kitambaa, hakati papo hapo. Kwanza anakuuliza: nguo ni ya kazi au ya arusi? Unataka mfuko? Halafu anachukua futi yake na kukupima, mabega, kiuno, urefu. Baada ya kukata anapiga bandi, yaani anashona kwa uzi wa muda tu, wewe unaijaribu. Ikikubana kwapani anafumua na kurekebisha bila hasara. Akisharidhika ndipo anapitisha cherehani. Fundi anayempima mteja kwa macho ndiye anayegombana na watu kila Jumamosi.

Wataalamu wa ubunifu waliitazama kazi ya namna hii wakaipangia hatua. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita fikra ya usanifu, maana yake kufikiri kama mtu anayetengeneza kitu kwa ajili ya mtu mwingine atakayekitumia. Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani huifundisha kwa hatua tano: kumwelewa mwenye shida, kuitaja shida yenyewe, kubuni mawazo mengi, kutengeneza mfano mdogo, na kuujaribu. Mwaka 2011 kampuni ya IDEO ikishirikiana na shule ya Riverdale ya New York ilitoa mwongozo wa kuwasaidia walimu kutumia hatua za namna hii katika kufundisha.

Wale waliopitia semina zetu watasema, "Si hii ni ile ile ya ona, amua, tenda?" Ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba hapa kutenda kunaanza kidogo, kwa bandi, na tunarudi kwa mwenye nguo kumwuliza kama imemkaa.

FUNZO KUTOKA BUSIA

Hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano wa hasara ya kutopima. Tunao hapa hapa Kenya.

Mwaka 1996 shule 25 za msingi katika Busia na Teso zilipelekewa vitabu vya kiada na shirika la misaada. Wachunguzi, akiwemo Michael Kremer ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, walilinganisha shule hizo na nyingine ambazo hazikupata vitabu. Ungetarajia alama zipande kwa watoto wote. Hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Sababu yake nini? Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Kitabu kilifika mikononi mwa mtoto, lakini hakikufika kichwani kwa sababu hakuweza kukisoma. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009.

Kuanzia mwaka 1998, huko huko Busia, kazi nyingine ilianza katika shule 75. Safari hii watoto walipewa dawa ya minyoo. Utoro ulipungua kwa takriban robo. Alama za mtihani hazikupanda kwa sababu ya dawa hiyo, na ni lazima tuseme ukweli huo. Lakini mtoto anayelala nyumbani akishika tumbo hawezi kufundishwa na mtu yeyote.

Tunajifunza nini? Kwamba mtoto mmoja anaweza kuzuiwa na lugha, mwingine na minyoo, mwingine na giza la nyumbani, mwingine na macho yake. Ukiwa ofisini au kwenye mkutano huwezi kujua ni lipi. Ni lazima uende ukakae naye.

KIKUNDI KIMOJA KILIVYOFANYA

Tutaeleza hatua zote tano kwa kufuata kikundi kimoja cha akina mama ambacho tulitembea nacho. Jina la kikundi na la shule tunayaacha, maana wao wenyewe hawakutaka kujigamba.

Walikuwa na akiba, na walikuwa wameshaamua kununua vitabu vya hadithi kwa ajili ya gredi ya nne, kwa sababu watoto hawasomi. Tuliwaomba wangoje mwezi mmoja tu. Wengine walinung'unika. Mama mmoja alituambia waziwazi, "Nyinyi watu wa ofisi mnapenda mikutano. Sisi tunataka kazi." Tulimwelewa. Lakini mwenyekiti alikubali, na kazi ikaanza.

1. Kumwelewa mtoto

Akina mama sita waligawana watoto kumi na wawili. Kila mama alikaa na watoto wawili, mmoja mmoja, nyumbani kwao, bila karatasi ya maswali. Walimwomba mtoto asome kwanza herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi nyepesi ya darasa la pili. Mtindo huu hatukuubuni sisi. Shirika la Uwezo lilianza kuutumia kupima watoto majumbani hapa Kenya mwaka 2009, na lilikuta tena na tena kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili.

Mambo waliyoyaona yaliwashangaza. Kijana mmoja alisoma ukurasa wa kitabu chake bila kukwama hata mara moja. Mama aliyekuwa naye alifurahi, akafunua ukurasa unaofuata. Kimya. Ule wa kwanza darasa zima lilikuwa limeuimba kwa pamoja nyuma ya mwalimu, naye aliushika kichwani kama wimbo. Macho yake hayakuwa yakisoma kitu.

Msichana mwingine alisogeza karatasi mpaka ikakaribia pua. Darasani huketi nyuma, na kwa muda mrefu amekuwa akinakili kutoka kwa daftari la jirani yake. Kila mtu alidhani ni mvivu.

Walipoenda kwa mwalimu, tena kwa heshima na si kama polisi, walikuta vitabu vya hadithi viko, vimefungiwa kabatini. "Kikipotea hata kimoja," mwalimu aliwaambia, "mimi ndiye nitakayeulizwa." Ana watoto zaidi ya sitini. Hana nafasi ya kumsikiliza kila mmoja akisoma, hata angetaka vipi.

Oneni basi: kikundi kilikuwa karibu kununua vitabu vya kuongeza kwenye kabati lililofungwa.

2. Kuitaja shida yenyewe

Waliporudi kwenye kikao waliweka mbele yao yale waliyoyaona. Ile sentensi yao ya kwanza, "watoto hawana vitabu," waliiacha. Baada ya kubishana sana walipata nyingine: "Tutafanyaje ili kila mtoto wa gredi ya nne asome kila siku kitu anachokiweza, mbele ya mtu anayemsikiliza?"

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayobeba nyingine zote. Shida ikitajwa kwa jina la kitu, kama vitabu au madawati, jibu ni kununua tu. Ikitajwa kwa jina la mtoto na kile anachokosa, milango mingi inafunguka, na mingine haihitaji pesa.

3. Kubuni mawazo mengi

Kanuni hapa ni moja: kwa nusu saa hakuna kucheka wazo la mtu wala kusema "haiwezekani." Waliwaita pia vijana wawili waliomaliza shule, mwalimu, na watoto watatu. Mawazo yalifika ishirini na kitu. Mengine yalikuwa ya ajabu, kama kusoma kupitia spika ya kanisa. Lakini wazo lililowafaa lilitoka kwa msichana wa miaka kumi. Alisema, "Mimi ningependa kumsomea nyanya. Yeye hanicheki."

Tafakarini neno hilo. Nyanya yake hajui kusoma. Lakini anajua kusikiliza, na anajua hadithi. Mtoto akisoma visivyo, nyanya atauliza, "Sungura alifanya nini? Mbona sielewi?" Hapo mtoto atarudi nyuma asome tena. Watu wazima hatukuwa tumewaza kwamba mtu asiyejua kusoma anaweza kumsaidia mtoto kusoma.

4. Kutengeneza mfano mdogo

Hapa ndipo tunapiga bandi. Kikundi hakikugusa akiba. Walichukua kalenda za zamani, wakaandika nyuma yake kwa herufi kubwa hadithi fupi fupi ambazo nyanya walizisimulia, nyingine kwa lugha ya nyumbani na nyingine kwa Kiswahili. Mwalimu alizitazama na kusahihisha maandishi. Walichonunua ni kalamu nene za wino na gundi. Walianza na watoto kumi na wawili wale wale, chini ya mwembe karibu na shule, saa kumi jioni, kwa wiki mbili tu.

5. Kujaribu, kuuliza, kurekebisha

Jaribio la kwanza lilianguka. Siku ya tatu walikuja watoto watano, wote wavulana. Mtu angeweza kusema wazazi hawajali elimu ya wasichana, na kikundi kingefunga kazi. Badala yake waliuliza. Saa kumi jioni wasichana wako kisimani! Sisi wenyewe, pamoja na diploma zetu, tulikuwa tumekubali saa hiyo bila kufikiri.

Wakabadilisha saa, ikawa mapumziko ya mchana. Hapo wasichana walikuja. Nyanya wawili walichoka kutembea, kwa hiyo watoto wa jirani waliruhusiwa kubeba karatasi nyumbani. Karatasi mbili zilirudi na mafuta ya kupikia, moja haikurudi kabisa. Hakuna aliyeadhibiwa, kwa sababu ilikuwa ni kalenda ya zamani. Mwalimu alipoona hivyo alifungua kabati kidogo, akaanza kuazima kitabu kimoja kwa kila watoto wawili, mtoto mmoja akiwa mwandishi wa daftari la kuazimia.

Mwisho wa muhula watoto saba kati ya kumi na wawili walikuwa wamepanda ngazi moja au zaidi, kwa mfano kutoka maneno hadi aya. Watatu walibaki pale pale. Mmoja alihama. Yule msichana wa macho alipelekwa kliniki, na sehemu ya akiba ndiyo iliyomnunulia miwani. Miwani hiyo haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote mwezi ule wa kwanza.

Huu si muujiza, wala hatuuleti kwenu kama uchunguzi wa kisayansi. Tunauleta kwa sababu unaonyesha jinsi pesa kidogo inavyofanya kazi kubwa ikitanguliwa na masikio.

JE, DARASANI MWALIMU AFANYE NINI?

Walimu wanaosoma ukurasa huu wanaweza kuuliza, "Na sisi?" Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa nchini kote mwaka 2019 katika gredi za kwanza, unawataka watoto wajifunze kufikiri, kubuni, kushirikiana na kutatua shida. Wazazi wengi wameuona kama mzigo wa kutafuta vifaa na kuchapisha picha. Lakini hatua hizi tano zinaweza kuupa uhai bila gharama.

Kwanza, mwalimu apime watoto wanajua nini, siyo wako gredi gani. Kuanzia mwaka 2005, katika eneo la magharibi mwa Kenya, shule 121 zilipata mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Karibu nusu ya shule hizo ziliwagawa watoto katika madarasa mawili kufuatana na kiwango chao, zilizobaki ziliwachanganya tu. Pale walipogawanywa, watoto wa juu na wa chini wote walifanya vizuri zaidi, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha pale mtoto alipo. Bila mwalimu wa pili, hata nusu saa kwa siku ya vikundi vya namna hii inaweza kujaribiwa. Ila watoto wapimwe tena kila mara, wasije wakabandikwa jina la wajinga.

Pili, watoto wenyewe wapewe shida ya kweli waitatue. Huko Ahmedabad, India, Kiran Bir Sethi alianzisha shule ya Riverside mwaka 2001. Watoto wa gredi ya tano walipojifunza habari za ajira ya watoto, hawakusoma kitabuni tu. Walikaa saa nane wakiviringisha vijiti vya udi kama watoto wanaoajiriwa wanavyofanya, mpaka migongo ikauma. Baada ya hapo walikwenda mjini kuwaeleza watu kwa nini kazi hiyo ikomeshwe. Mwaka 2009 mama huyo alianzisha kampeni ya kuwaalika watoto wa shule nyingine kwa hatua nne nyepesi: hisi, waza, tenda, waeleze wengine. Kampeni hiyo imefika nchi nyingi.

Kwetu shida hazikosekani. Kwa nini maji ya kunawa huisha kabla ya saa nne? Kwa nini watoto wa gredi ya kwanza hupotea njia wakati wa mvua? Watoto wakitumwa kuuliza, kuchora, kujenga mfano kwa matope na vijiti, na kuujaribu, wanajifunza hesabu, lugha na sayansi kwa pamoja.

TUJIHADHARI NA HAYA

Msiende kwa mtoto na jibu mkononi. Kama mmeshaagiza madawati, msijifanye mnauliza.

Msimwulize mtoto mbele ya baba yake mkali au mbele ya mwalimu. Atawaambia mnachotaka kusikia.

Msimgeuze mwalimu kuwa mshtakiwa. Naye ana kitanda chake na kunguni zake.

Msione haya jaribio likianguka. Bandi ni ya kufumuliwa. Aibu ni kushona kwa cherehani nguo isiyomkaa mtu.

Tena, njia hii haiondoi wajibu wa serikali. Darasa la watoto sitini linahitaji walimu zaidi, na kikundi hakiwezi kuajiri walimu wa taifa zima. Yale mliyoyaona kwa macho yenu, pamoja na hesabu za watoto mliowapima, yapelekeni kwa bodi ya usimamizi ya shule, kwa chifu na kwa afisa wa elimu. Mtu aliyepima ana nguvu ya kudai kuliko mtu anayelalamika.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho tulipoisaidia shule, ni nani aliyesema shida ni nini? Mtoto aliulizwa?
2. Kile tulichonunua kiko wapi leo? Kinatumiwa, au kimefungiwa?
3. Katika kijiji chetu ni nani anayeweza kumsikiliza mtoto akisoma, hata kama yeye mwenyewe hajui kusoma?
4. Ni jambo gani dogo tunaloweza kulijaribu kwa wiki mbili bila kugusa akiba?

Kabla ya mkutano wenu ujao, kila mwanakikundi akae na mtoto mmoja kwa robo saa na kumwambia, "Mwanangu, nisomee kidogo." Asimkatize. Asimcheke. Asikilize tu, kisha aje aeleze alichosikia. Mkishafanya hivyo, leteni habari zenu ofisini kwetu, hata zile za kuanguka, ili vikundi vingine vijifunze. Kazi kwenu.